Waragi, Lira-lira na Malewa: Nani Mwenye Jina?

Makala haya yanakusudia kuyachunguza majina ya vyakula na vinywaji vinavyosifika kwa sababu ya mahali vinakotoka, na kuihakiki sheria ambayo Bunge la Uganda liliipitisha mwaka 2013 kwa ajili ya kuyalinda majina ya namna hiyo. Huenda baadhi ya walimu wenzetu wakauliza: Je, jambo hili si la wanasheria na wafanyabiashara? Tunataka kuonyesha kwamba ni la mwalimu wa lugha pia, tena linamfikia yeye kabla ya kumfikia mwanasheria. Sheria hii hulinda neno. Na neno hupewa ulinzi au hunyimwa kulingana na jinsi wasemaji walivyozoea kulitumia.

Methali mbili

Wahenga wametuachia methali mbili zinazohusu jambo hili, nazo hazikubaliani. Ya kwanza husema, "Chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Kwa mujibu wa methali hii kahawa iliyo nzuri haina haja ya msajili wala mahakama, kwani uzuri wake utaitangaza. Ya pili husema, "Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji." Aliyeitunga methali hii aliijua biashara vizuri zaidi. Alifahamu kwamba sifa ni mali, na kwamba mwenye sifa aweza kuitumia vibaya: akishapata jina, huanza kuuza jina badala ya tembo.

Hata hivyo yuko mgema mwingine ambaye methali haikumtaja, naye ni yule asiyepata kupanda mnazi hata mmoja, ila husimama njiani akauza maji yake kwa jina la jirani aliyesifiwa. Sheria za majina ya mahali zilitungwa kwa ajili ya hawa wawili. Kwa mgema wa kwanza zinaweka masharti, yaani mipaka ya eneo, namna ya kulima au ya kupika, na ukaguzi. Kwa huyu wa pili zinaweka katazo: asiyetoka katika eneo lile, na asiyetimiza masharti yale, haruhusiwi kulitumia jina.

Wafaransa ni miongoni mwa walioianza kazi hii mapema. Mwaka 1909 serikali yao ilitangaza mipaka ya eneo ambalo pombe yake ya zabibu iliyokenekwa ingeweza kuitwa Cognac, kwa jina la mji ulioko katika nchi ya Charente. Mwaka 1994, katika mkataba ulioambatana na kuundwa kwa Shirika la Biashara Duniani, mataifa yalikubaliana kulinda jina linaloonyesha kuwa kitu kimetoka mahali fulani, endapo ubora wake, sifa yake au tabia yake nyingine imetokana hasa na mahali pale. Sheria ya Uganda ya mwaka 2013 imefuata njia hiyo hiyo, na kazi ya kuyaandikisha majina imewekwa chini ya msajili aliye katika idara ya serikali ya usajili hapa Kampala.

Mji uliogeuka nomino

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kusafiri mpaka Ufaransa ili akutane na Cognac. Mji huo umo katika lugha yetu tangu zamani kwa umbo la "konyagi". Neno liliingia likiwa na maana ya brandi kwa jumla, itokayo popote. Baadaye kiwanda cha Tanzania Distilleries cha Dar es Salaam kikalifanya kuwa jina la pombe yake, ambayo haikukenekwa kwa zabibu za Charente. Kiswahili hakikumwibia mtu. Kilifanya kama kifanyavyo kwa maneno yote ya kigeni: kilikifungua kila kiungo cha neno kwa irabu, kikaliingiza katika ngeli yake, kikaanza kulitumia.

Mwanasarufi atalieleza tukio hili kwa maneno machache: jina la pekee limegeuka jina la kawaida. Herufi kubwa imeondoka, na mahali pamesahauliwa. Mwanasheria ataliona tukio hilo hilo kwa jicho jingine. Kwake yeye jina la mahali likishakuwa jina la kawaida la kitu katika lugha ya nchi fulani, nchi hiyo hailazimiki tena kulilinda, na mkataba wa 1994 wasema hivyo wazi. Kwa hiyo lile ambalo mwalimu wa lugha huliita kukua kwa msamiati, mwenye shamba aweza kuliita kupotea kwa mali. Tukiifahamu tofauti hii tutaweza kuyatazama maneno yetu wenyewe ya Uganda.

Neno "waragi"

Tuanze na neno linalojulikana kuliko yote, yaani "waragi". Kuhusu asili yake yako maelezo mawili. Wengine husema kwamba limetokana na maneno ya Kiingereza "war gin", kwa maana ya pombe ya vita. Wengine husema kwamba limetokana na Kiarabu "araki", neno lenye asili ya maana ya jasho, kwa kuwa pombe inayokenekwa hutoka tone kwa tone kama jasho. Sisi tunayaona maelezo ya pili kuwa na nguvu zaidi, kwa sababu ya ushahidi wa sauti. Katika Kiarabu cha Sudani sauti ya "qaf" hutamkwa "g", na pombe ya namna hii huitwa huko "aragi". Askari wa Kisudani, ambao wajukuu wao ndio Wanubi wa Uganda, walifika nchini katika miaka ya 1890. Tena kaskazini mwa nchi watu husema "arege", neno lisilo na "w" wala dalili yoyote ya vita vya Waingereza. Maelezo ya kwanza yafanana na yale ambayo watu huyatunga baadaye, wanapoona neno geni likikaribiana kwa sauti na neno wanalolijua.

Jambo la pili kuhusu neno hili latoka katika historia ya sheria. Mwaka 1965 Uganda ilipitisha sheria iliyoitwa kwa jina la "enguli", neno ambalo watu wengi, hasa huku kusini, walilitumia kwa pombe ya kukenekwa nyumbani. Sheria hiyo ilikataza kukeneka bila kibali, na ikataka wenye vibali wakiuzie kiwanda kilichoruhusiwa, ambacho kiliisafisha pombe na kuitia katika chupa. Chupa hiyo ikaitwa Uganda Waragi. Hivyo maneno mawili yaliyokuwa yakikaa jirani yaligawanywa na dola: "enguli" likawa jina la kitu cha kukatazwa, na "waragi" likapewa heshima ya kiwanda na jina la taifa mbele yake.

Lakini wasemaji hawakuutii mgawanyo huo. Mpaka leo mtu wa Kampala huita waragi pombe yoyote kali ya kienyeji, iwe ya ndizi, ya muhogo au ya sukari, iwe ya chupa au ya dumu. Kwa sababu hiyo neno "waragi" likiwa peke yake halituelezi mahali, wala mmea, wala namna ya kutengeneza. Upungufu huo si wa kinadharia tu. Mwezi wa Aprili 2010, katika wilaya ya Kabale, watu wapatao 80 walikufa kwa kunywa pombe iliyochanganywa na methanoli, nayo iliuzwa kwa jina hilo hilo la waragi. Mnunuzi hakuwa na neno la kumtenganishia kinywaji na sumu. Hatudai kwamba usajili wa jina ungaliwaokoa watu wale. Sumu huzuiwa na ukaguzi. Tunachosema ni kwamba jina lisilo na sharti lolote ndani yake haliwezi kumwonya mtu.

Je, neno lisilo la mahali laweza kulindwa?

Mtu aweza kutupinga akisema: Waragi si mahali, basi mjadala umekwisha. Hoja hiyo si sahihi, na mfano wa jibini ya feta watosha kuijibu. "Feta" si mji wala kisiwa. Ni neno lililoingia katika Kiyunani kutoka Kiitalia, na maana yake ni kipande. Hata hivyo mwaka 2002 Umoja wa Ulaya uliliandikisha kuwa jina la Wayunani peke yao. Ujerumani na Denmark zilipeleka shauri mahakamani zikidai kwamba neno limekwisha kuwa la kawaida. Tarehe 25 Oktoba 2005 Mahakama ya Ulaya ilizikatalia. Miongoni mwa mambo iliyoyazingatia ni namna neno lilivyotumika: hata jibini iliyotengenezwa nchi nyingine iliuzwa aghalabu kwa picha na ishara za Uyunani, yaani wauzaji wenyewe walikiri kwamba neno lile huwafanya wanunuzi wawaze Uyunani.

Walimu wa lugha tunapaswa kulisoma shauri hili kwa makini. Mahakama ilifanya kazi tunayowafundisha wanafunzi wetu: kutafuta maana ya neno katika matumizi. Tukiipima "waragi" kwa kipimo hicho twaona kwamba huwafanya watu wawaze Uganda pale tu inaposemwa nje ya Uganda. Ndani ya nchi ni jina la kawaida. Kuilinda kwa taifa zima kungewezekana kwa nadharia, lakini kwanza wakenekaji wote wangepaswa kukubaliana juu ya mmea, mtambo na ukaguzi mmoja, na makubaliano hayo hayapo.

Ushahidi wa uradidi

Wakati dola ilipokuwa ikigawanya maneno, watu wa kawaida walikuwa wakitunga majina yao wenyewe. Pombe kali iliyohusishwa na mji wa Lira, ambayo mara nyingi hutokana na unga wa muhogo na sukari, waliiita "lira-lira". Ile iliyohusishwa na Kasese, chini ya milima ya Rwenzori, waliiita "kasese-kasese". Hapakuwa na msajili wala mkataba. Walichukua jina la mahali wakalikariri mara mbili, na kwa kulikariri wakalitoa katika ramani wakalitia katika chupa.

Tazameni sarufi yake. Tukisema "Lira pamejaa watu", tumetumia upatanisho wa mahali. Tukisema "lira-lira imekwisha", tumeingia katika ngeli nyingine, ya vitu. Uradidi ndio uliofanya kazi ya kutenga mji na kinywaji, hata msikilizaji asiweze kuvichanganya. Na hata hivyo mji haukufichwa, kwani ungali wasikika mara mbili. "Konyagi" ilipoteza mji wake, "lira-lira" imeuhifadhi. Kwa maoni yetu, wasemaji wa Uganda walikuwa na fikra ya jina la chimbuko miaka mingi kabla ya 2013, ila sheria haikwenda kuwauliza.

Hapa pana kinyume ambacho yafaa kukitaja. Mkataba wa 1994 huvipa mvinyo na pombe kali ulinzi mkubwa kuliko vitu vingine vyote. Jina la pombe kali halitumiki hata kwa kuongeza maneno kama "aina ya" au "mfano wa", wala hata pale ambapo hakuna mtu aliyedanganywa. Kahawa, asali na chumvi hazipati ulinzi huo wa ziada. Mwenye jina lazima aonyeshe kwamba mnunuzi amepotoshwa au kwamba biashara imekuwa ya hila. Tofauti hii ilitokana na nguvu za nchi za Ulaya zenye mvinyo wake. Matokeo yake ni kwamba, kwa mujibu wa mkataba, lira-lira inayopikwa bila kibali nyuma ya nyumba ingestahili ulinzi mkali kuliko kahawa ya Mlima Elgon ambayo huwasomesha watoto wa wilaya nzima. Mizani ya namna hii haikutengenezwa kwa ajili yetu.

Malewa na kahawa ya mlimani

Tugeukie basi vitu ambavyo twaona vinastahili kushughulikiwa kwanza. Bamasaba, au Bagisu kama wengi wanavyoitwa, hula machipukizi ya mianzi ya Mlima Elgon, ambayo hukaushwa kwa moshi, kisha hupikwa kwa mchuzi wa karanga. Chakula hicho huitwa "malewa". Si jina la mahali, lakini hakuna Mganda alisikiaye asiwaze Mbale na mlima wake. Hali kadhalika "eshabwe", mchuzi mweupe wa samli, huwafanya watu wawaze Ankole. Maneno haya yako karibu na "feta" kuliko na "waragi": yangali na kwao.

Kahawa ya Bugisu nayo ina jina la mahali waziwazi. Ni arabika ya mlimani, na tangu mwaka 1954 chama kikuu cha ushirika cha Bugisu, chenye makao yake Mbale, kimeiuza kwa jina hilo. Ina eneo, ina sifa, ina chama cha wakulima. Yaani vitu vitatu ambavyo sheria huvitafuta. Hata hivyo tukilichunguza jina lenyewe, maswali hutokea. Wasebei wa Kapchorwa hulima arabika katika mlima ule ule. Ng'ambo ya mpaka, upande wa Kenya, mlima unaendelea na kahawa inaendelea. Kama jina litakalolindwa ni "Bugisu", Wasebei watasimama wapi? Na kama litakuwa "Elgon", je, Uganda yaweza kulifunga peke yake jina la mlima ambao ni wa nchi mbili? Sheria ya nchi moja haiwezi kulijibu swali hili. Ni neno lililochaguliwa litakaloamua nani ameingizwa ndani na nani ameachwa nje.

Jirani zetu wa Ethiopia walikwisha kukutana na matatizo ya namna hii. Walipotaka kuyalinda majina ya Sidamo, Harar na Yirgacheffe nchini Marekani, mwaka 2005, walichagua kuyaandikisha kama alama za biashara zilizo mali ya serikali. Sababu yao mojawapo ilikuwa kwamba wakulima ni wengi mno, wenye mashamba madogo yaliyotawanyika, na ukaguzi ambao njia ya jina la chimbuko huutaka ungekuwa mzigo kwao. Chama cha wafanyabiashara wa kahawa wa Marekani kiliwapinga, na kulizuka mvutano na kampuni ya Starbucks uliomalizika kwa makubaliano mwaka 2007. Funzo tunalolipata ni kwamba jina lililotangulia kutetewa na wenyewe lilikuwa na nguvu mezani.

Kasoro za sheria yetu

Sasa tuihakiki sheria ya 2013. Nia yake ni njema. Tuna malalamiko mawili, nayo yote ni ya lugha.

La kwanza: sheria hii imeandikwa kwa Kiingereza tu, na wale inaowakusudia ni wakulima na wapishi wanaoyasema majina hayo kwa Lumasaba, Runyankore, Lango na lugha nyingine. Katiba ya Uganda, kwa mabadiliko ya mwaka 2005, ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Ikiwa ni hivyo, sheria inayohusu maneno ya wananchi ilistahili kuwa miongoni mwa za kwanza kufasiriwa.

La pili lahusu istilahi. Wanaoandika juu ya mambo haya kwa Kiswahili hutumia "viashiria vya kijiografia". Istilahi hii imefuata maneno ya Kiingereza moja moja, lakini haikubeba maana. Mwanafunzi akiisikia atafikiri habari za ramani, mvua na vipimo vya joto. Hakuna ndani yake chakula, wala sifa, wala mwenye jina. Tunapendekeza "jina la chimbuko". Neno "chimbuko" laonyesha mahali kitu kilipoanzia, na neno "jina" humwambia mkulima ni kitu gani hasa kinachomilikiwa. Tena lakubali vivumishi na vitenzi bila taabu: jina la chimbuko lililosajiliwa, kudai jina la chimbuko, kupoteza jina la chimbuko. Wenye pendekezo bora zaidi na walilete; tunachokikataa ni kulitumia neno ambalo mwenye haki hawezi kulielewa.

Wajibu wa mwalimu

Yatupasa tumalize kwa kusema ni nini kinachotakiwa kwetu. Shauri la feta limeonyesha kwamba siku ya hukumu maneno hutafutiwa mashahidi, na mashahidi hao ni vibandiko, vitabu na mazoea ya wasemaji. Neno ambalo halikuandikwa popote huwa na mashahidi wachache. Malewa likifasiriwa katika vitabu vyetu vya darasani kuwa "mboga ya mianzi" pasipo kutajwa Mlima Elgon, tumeanza sisi wenyewe safari ya kulifanya jina la kawaida.

Kwa hiyo tunawaomba walimu wenzetu wa kila wilaya wawape wanafunzi kazi ya kukusanya majina ya vyakula na vinywaji vya kwao, na kwa kila jina waandike mambo matano: neno lenyewe kama linavyotamkwa, lugha yake, mahali linapohusishwa napo, kitu hicho hutengenezwa kwa nini na kwa namna gani, na watu wa wilaya nyingine hulitumiaje. Majina ya pombe yasiachwe kwa kuona haya, maana kuliandika neno si kuusifu ulevi. Hilo la tano ndilo la maana zaidi, na ndilo husahauliwa: likiwa jirani wa mbali akilisikia jina angali anamtaja mwenyewe, jina hilo lingali na mwenyewe. Daftari za namna hiyo zikipatikana, zitamfaa mtunga kamusi leo, na kesho zitamfaa mkulima wa Kapchorwa au Mbale atakapoulizwa na msajili aonyeshe kwamba neno ni lake.